Kiuno Kilichopimwa Mara Tano

Saa moja na robo asubuhi ya Jumamosi, fundi wa magauni ya harusi alifungua kufuli la duka lake, akawasha taa, kisha akatoka nje mbio ameshika kichwa kwa mikono miwili. Muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara alidhani mzee wa watu kaona nyoka. Alikwenda kuchungulia, na nyoka hakumwona. Aliona gauni jeupe, refu, limevalishwa sanamu katikati ya chumba, na mbele, usawa wa tumbo, limekatwa.

Harusi ilikuwa kesho yake, saa nane mchana.

Sajini alifika saa mbili kasorobo. Alifuatana na konstebo mmoja mtu mzima, aliyebakiza miezi minne astaafu, ambaye kituo kizima kilimwita Babu. Sajini mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwepesi wa kuona na mwepesi zaidi wa kukasirika, na asubuhi ile hasira alitoka nayo nyumbani. Mumewe alikuwa amenyoa ndevu huku akiichekea simu. Alipoulizwa anacheka nini, akajibu, "Ah, watu wa kazini tu." Wa kazini! Sajini alimjua huyo wa kazini. Mwembamba, shingo ndefu, kucha za rangi. Alimwona mara moja tu, na hiyo mara moja ilimtosha mwaka mzima.

"Afande, tumeitwa kwa ajili ya gauni?" Babu aliuliza mlangoni, kama mtu anayetaka kuhakikisha hajasikia vibaya.

"Kuharibu mali ya mtu ni kosa, Babu. Andika saa."

Waliangalia mlango kwanza. Haukuvunjwa. Madirisha mawili yalikuwa na nondo, na vumbi la kwenye nondo halikuguswa. Kisha Sajini akasogelea gauni. Mikono ya lesi ilikuwa mizima. Shanga za kifuani zilikuwa zote, hata moja haikudondoka. Mkia wa gauni ulilala sakafuni bila alama. Kulikuwa na mkato mmoja tu, umenyooka kutoka kushoto kwenda kulia, urefu wa shubiri moja na nusu, umepita kitambaa cha juu na bitana kwa pamoja. Mkasi mkubwa ulikuwa umetundikwa kwenye msumari wake ukutani, umefutwa vizuri.

Sajini aliinama kwenye kiti cha wageni kando ya sanamu. Kwenye mkono wa kiti, uliovishwa kitambaa kinene, palikuwa na pini sita zimechomekwa kwa mstari, nafasi sawa kwa sawa.

"Hizi ni za nani?"

Fundi alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mpole, futi ya kupimia shingoni. Alizitazama zile pini kwa muda mrefu kuliko pini zinavyostahili.

"Za gauni," alisema. "Jana niliziacha kiunoni, mahali pa kushona mkanda."

"Wewe ukitoa pini unaziweka wapi?"

Fundi aliinua mkono wa kushoto. Kwenye kifundo alikuwa amefunga kipande cha sponji kilichojaa pini. "Hapa."

"Basi nani aliziweka pale?"

"Sijui, afande."

Alisema hivyo huku akitazama sakafu. Sajini akamwashiria Babu aandike na hilo.

Maelezo ya fundi yalikuwa mafupi. Ijumaa alifunga duka saa kumi na moja na nusu jioni, akaenda kwa kinyozi kama kila Ijumaa, akafika nyumbani saa moja na nusu. Funguo za kufuli zilikuwa mbili, wake na wa msaidizi wake. Mkewe alikuwa nyumbani. Aliacha kuja dukani mwaka wa pili sasa kwa sababu ya mgongo, ila kazi za vifungo alikuwa anapelekewa, ndiyo maana wateja walimwita Mama Vifungo.

"Mna watoto wakubwa wa kuwasaidia kazi?" Babu aliuliza, kwa nia njema tu.

"Tupo wawili," fundi alisema.

Msaidizi aliingia saa mbili na nusu. Walimwita Sindano. Loh! Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na kucha zake zilikuwa nyekundu. Sajini alihisi damu ikimpanda kichwani kabla binti wa watu hajatoa hata salamu.

"Shikamoo, afande."

"Kaa hapo."

Sindano aliona gauni, akaziba mdomo, akakaa. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akachukua pini tatu mezani na kuzibana midomoni.

"Toa hizo. Unaongea na polisi. Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Saluni, nasukwa. Tangu saa kumi na moja mpaka saa tatu. Waulizeni."

"Na asubuhi?"

"Nimelala, nimeamka, nimekuja. Ufunguo huu hapa, haujatoka kwenye pochi."

"Bibi harusi unamjua?"

Sindano alivuta pumzi. "Namjua. Na bwana harusi namjua zaidi. Alikuwa wangu, miaka miwili. Mtu atakuja kuwaambia, bora niwaambie mwenyewe."

Hapo Sajini alimkalia kooni. Aliuliza aliachwa lini na kwa nini. Aliuliza kama alifurahi kumshonea mwenzake gauni. Aliuliza kama simu ya bwana harusi bado anaipiga, saa ngapi, na kama humchekesha akiwa ananyoa ndevu.

Babu alikohoa, akamwita Sajini pembeni ya kabati la vitambaa.

"Afande, samahani, mimi ni mtu mzima. Huyu binti unayemhoji ni huyu wa hapa, au kuna mwingine?"

Sajini alitaka kumkaripia, akajizuia. Alikunywa maji, akarudi na kuvuta kiti karibu.

"Nisamehe. Niambie tu ulichokiona hapa dukani. Jambo lolote ambalo si la kawaida."

Sindano alimtupia jicho fundi aliyekuwa amesimama nje, akapunguza sauti. "Mzee hufunga pazia akimpima yule. Mteja mwingine tunampima hapa hapa, mzee anataja namba, mimi naandika. Yule hapana. Wanaingia nyuma ya pazia, wananong'ona, na anaandika mwenyewe. Siku moja nilipita nikaona kamshika mkono, binti analia. Sasa mimi nifikirie nini? Mwanaume kaninyang'anya, na bado anafanya mambo huku! Nilichefukwa, kusema kweli."

"Ulimwambia nani?"

Sindano alikwangua rangi ya ukucha. "Maneno ya kazini hayakosi pa kwenda, afande."

Sajini aliomba daftari la vipimo. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na mistari miwili, kwani kwa desturi ya duka hili mteja hupimwa siku ya kuagiza na siku ya kujaribu, basi. Ukurasa wa bibi harusi wa kesho ulikuwa mwishoni kabisa mwa daftari, peke yake, kwa mwandiko wa fundi. Ulikuwa na mistari mitano. Tarehe tano katika majuma kumi. Sajini alizipitia zile tarehe kwa kidole, na moyoni akasema, haya sasa.

Bibi harusi alifika saa tatu na dakika kumi, akiwa na shangazi yake, mama mnene mwenye sauti ya kutangaza, ambaye hakumwacha hata hatua moja. Binti aliona gauni, akaishia mlangoni. Hakulia kwa sauti. Alimtazama fundi, na fundi akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayesema usiogope.

Sajini aliliona hilo. Aliwaona wanavyotazamana, akasema moyoni, hapa hapana mjadala.

"Una adui?" alimuuliza.

"Sina."

"Nani anaweza kukasirika wewe ukiolewa?"

"Mtoto wetu hana adui!" shangazi alidakia. "Anapendwa na kila mtu!"

"Ndilo ninalolitafuta, mama," Sajini alisema.

Alimpeleka fundi nyuma ya pazia, akamwonyesha ukurasa. "Mara tano. Kwa nini?"

"Mteja alibadilika."

"Alibadilika nini?"

"Siwezi kusema, afande."

"Huwezi au hutaki? Mzee wangu, mtu mzima unafunga pazia na binti wa watu, mnashikana mikono, kesho anaolewa na mwingine, na leo gauni limekatwa na mtu mwenye ufunguo. Unataka nifikirie nini?"

Jasho lilimtoka fundi kwenye mdomo wa juu. "Fikiria unachotaka. Mimi nimeapa."

Kwa Sajini hayo yalikuwa maneno ya mwanaume aliyekamatwa. Alikuwa tayari kumfunga pingu pale pale. Lakini Babu alikuwa amerudi kutoka duka la vifaa vya ujenzi la jirani, kufuli jipya mkononi, namba ile ile na aina ile ile.

"Nimeliazima tu," alisema. "Tazama, afande."

Kwenye pakiti, kando ya kufuli, zilining'inia funguo tatu.

Saa nne na nusu walibisha nyumba ya fundi. Mama Vifungo alifungua mwenyewe, akatembea polepole mbele yao, mkono kiunoni. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye macho makali ya mtu aliyetunga uzi maisha yake yote. Sebule ilikuwa ya watu wawili kweli. Viti viwili, vikombe viwili kwenye trei, cherehani dirishani. Ukutani palikuwa na picha moja, ya harusi yao, na gauni la kwenye picha lilikuwa zuri kuliko la dukani.

"Nililishona mwenyewe," alisema alipoona Sajini analitazama. "Wakati huo yeye hata kutia pindo hajui. Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Mumeo amekwambia yaliyotokea?"

"Amepiga simu. Nimesikitika."

Hakuonekana amesikitika. Alionekana hajalala. Sajini alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa, akaweka mkono mahali pa kuwekea mkono, na kitu kikamchoma kiganja. Alitazama. Kwenye kitambaa cha kiti palikuwa na pini zimechomekwa kwa mstari, nafasi sawa kwa sawa. Alihesabu tisa.

"Samahani mwanangu, nimezoea vibaya," Mama Vifungo alisema, akaja kuzitoa moja moja. "Mkono haukai bila kuzipanga."

Babu aliandika bila kuinua uso.

"Jana jioni ulikuwa hapa?"

"Niende wapi na mgongo huu?"

"Na mumeo, mnaelewana?"

Mama Vifungo alikaa. Kwa muda alikuwa anachagua maneno, kisha akachoka kuchagua. "Miaka ishirini na sita nimemwandikia vipimo. Hata nilipoacha kwenda dukani, kila Jumapili analeta daftari, tunapitia pamoja, nampangia vifungo. Miezi miwili hii daftari linakuja limefungwa na mpira. Nikiuliza ananiambia pumzika. Pumzika! Mwanaume akianza kukwambia pumzika, mwanangu, ujue kuna anayemchosha."

Sajini alijua maneno yale. Alikuwa ameyasema yeye mwenyewe bafuni asubuhi, kwa namna nyingine. Alimhurumia yule mama kiasi cha kutaka kumshika mkono, na hapo hapo akajikaza, kwani alikwenda pale kikazi.

Ndani ya gari alifungua daftari tena. Asubuhi alisoma tarehe, hakusoma namba. Sasa alizisoma. Nyonga, hazikubadilika sana. Kifua, kimeongezeka kidogo. Kiuno, inchi ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa na nusu, thelathini na moja, thelathini na mbili. Maharusi wote aliowajua walikonda kuelekea harusi, kwa mawazo na kwa kujinyima. Yeye mwenyewe alizaa mara mbili, na kiuno chake kilipanda ngazi hizo hizo.

"Babu," alisema, "mimi ni mjinga."

"Usiseme hivyo, afande. Ulikuwa na shughuli nyingine kichwani."

Alitoa simu, akamwandikia mumewe: "Leo jioni nitakuuliza jambo, unijibu vizuri." Jibu lilikuja mara moja: "Sawa." Sawa peke yake! Nusura akasirike tena. Akairudisha simu mfukoni.

Saa sita, dukani, alimpata bibi harusi peke yake. Babu alimwuliza shangazi habari za ukumbi na wageni, na shangazi akaanza kuzimwaga zote, kwa hiyo palikuwa na muda wa kutosha. Nyuma ya pazia Sajini hakuzunguka.

"Una miezi mingapi?"

Binti alishika ukuta. "Minne na nusu."

"Ya bwana harusi?"

"Ya nani tena? Yeye anajua, amefurahi mpaka basi. Ni baba yangu, afande. Baba akijua kabla ya ndoa hatafika, na hatanisemesha tena, alimfanyia hivyo dada yangu mpaka leo. Nilimlilia fundi, nikamwapisha. Kila juma la pili ananipanulia kiuno, anapanga marinda isionekane. Alinishika mkono siku moja akaniambia nisilie, nitamchafulia mtoto roho. Hakuna mtu aliyenihurumia kama yule mzee. Mkimkamata, nitasema kila kitu, hata mbele ya shangazi."

"Huna haja. Njoo saa nane, bila shangazi."

Saa nane kamili walikuwa sita ndani ya duka, mlango umefungwa. Sajini, Babu, fundi, Sindano, bibi harusi, na Mama Vifungo, aliyeletwa kwa gari la polisi na kukalishwa kwenye kiti cha wageni. Gauni lilisimama katikati yao. Mama Vifungo hakulitazama. Alimtazama binti, kuanzia usoni kushuka chini, akaishia tumboni, akabaki hapo.

"Mlango haukuvunjwa," Sajini alianza. "Aliyeingia alikuwa na ufunguo. Kufuli hili huuzwa na funguo tatu, na mzee wetu alinitajia mbili."

"Ni mimi," fundi alisema.

Wote waligeuka.

"Nimelikata mimi. Andika, afande, twende kituoni."

"Pini ulizitoa ukaweka wapi?"

"Hapa." Aliinua kifundo cha mkono, akaona alichofanya, akaushusha.

"Unaona? Mkono wako hauwezi kusema uongo. Wewe huziweka kwenye sponji. Sindano huziweka mdomoni, ipo siku atazimeza. Mtu mwenye hasira ya kawaida angekata juu ya pini, hajali. Huyu alizitoa kwanza, zote sita, ili zisitie pengo makali ya mkasi. Halafu akafuta mkasi akautundika. Alikuja kuharibu kazi, na bado akaifanya kazi kwa adabu. Akazipanga pini kwenye mkono wa kiti, kama anavyozipanga nyumbani kwake. Wewe uliziona asubuhi, mzee. Ulimjua papo hapo, ndiyo maana ukanificha ufunguo wa tatu."

Sindano alianza kulia. "Mama, mimi nilikusimulia tu! Sikujua utafanya hivi!"

"Nyamaza," Mama Vifungo alisema kwa upole. "Ulinisimulia nilichokuwa nakijua."

Kisha akamgeukia mumewe, na sauti ikabadilika kabisa.

"Umekubali haraka sana! Unaona, afande, alivyokubali haraka? Hata sasa anamfichia huyu. Yuko radhi alale mahabusu ili huyu kesho asiumbuke mbele ya watu!"

"Mke wangu..."

"Usiniite! Ndiyo, nimekata mimi. Jana saa kumi na mbili, yeye yuko kwa kinyozi anajipendezesha. Nilichukua gari la kukodi, mgongo unaniuma kila kona. Afande, mimi nilisoma namba zake. Juzi alisahau daftari mezani. Nimepima viuno miaka thelathini, kiuno chenye mtoto nakijua hata kwenye karatasi. Nikasema, haya, amekwenda kumpata mtoto mahali pengine. Mimi mimba tatu, zote hazikufika. Hakuwahi kunitupia neno, na mimi mjinga nilidhani ni upendo, kumbe alikuwa anasubiri zamu yake. Shanga nisingeweza kuzigusa, lesi nisingeweza. Ningekata nini kingine? Nilikata pale tu panaponiuma."

Bibi harusi alisogea, akasimama mbele ya kile kiti.

"Mama, mtoto ni wa mchumba wangu. Namficha baba yangu, basi. Mumeo alikuwa ananipanulia gauni."

Mama Vifungo alimwangalia muda mrefu, akitafuta uongo usoni mwake kwa yale macho makali. Hakuupata. Bado hakulegea.

"Basi kwa nini asiniambie? Mimi ni baba yako? Ningekwenda kumtangazia nani?"

"Aliniambia ameapa," Sajini alisema.

"Sikumwapisha hivyo," binti alisema, akashangaa mwenyewe. "Nilimwambia asimwambie mtu wa kwetu. Nilimwambia hata, mkeo mwambie, atusaidie marinda. Yeye ndiye aliyesema hapana."

Sasa wote walimtazama fundi. Alivua futi shingoni, akaikunja, akaikunjua. Sajini, aliyekuwa amefumbua kila kitu, hili hakulijua.

"Unakumbuka yule mwalimu?" fundi alimuuliza mkewe. "Aliyekuja kushonewa nguo, mimba ya miezi saba? Ulimpima ukicheka naye. Ulipofika nyumbani ulilala siku tatu umegeukia ukuta. Chakula hukula. Mimi nilikaa mlangoni siku tatu. Nikasema, sitamletea tena kitu hiki. Basi. Hakuna kingine."

"Hiyo ni miaka kumi na mitano," alisema mkewe.

"Ndiyo."

Sajini alimfahamisha bibi harusi haki yake. Akitaka, jalada lingefunguliwa, na kila lililosemwa lingeandikwa. Asipotaka, hakuna mlalamikaji, hakuna kesi. Binti alitikisa kichwa. "Sitaki kesi, na sitaki aandikwe mtu. Nataka gauni. Na huyu mama asiliguse, nisameheni, lakini asiliguse." Akamgeukia Sindano. "Dada, utaweza?"

Sindano alikuwa na uso wa mtu anayemezeshwa dawa. Alilitazama tumbo la mwenzake, akayafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mkato umenyooka," alisema. "Nikitia kipande nyuma na mkanda ukaja juu, hataona mtu. Nipe mpaka asubuhi." Akajitia pini mdomoni, na safari hii Sajini hakumkataza.

Babu alifunga kitabu chake, akatoka na bibi harusi. Sajini alikuwa wa mwisho mlangoni, anarudishia, ndipo akasikia nyuma yake sauti ya Mama Vifungo, imeshuka, haina ukali tena.

"Mangapi?"

"Nini?"

"Matumbo uliyonificha. Tangu yule mwalimu. Mangapi?"

"Sikuhesabu."

"Wewe? Wewe unayehesabu vipande vya uzi?"

Fundi aliikunja futi. "Kumi na saba. Wengine niliwapima siku zako za kliniki. Wengine niliwapeleka kwa fundi mwingine, nikakwambia tumezidiwa na kazi."

"Mara kumi na saba umerudi nyumbani, umekaa mezani na mimi, hunitazami usoni. Na mimi mara kumi na saba nimekuona hunitazami, nikajua unanilaumu."

"Nikulaumu kwa lipi?"

"Uliwahi kuniambia hunilaumu?"

Miaka ishirini na sita, na hilo alikuwa hajalisema hata mara moja, kwa sababu alidhani linaonekana.

"Sikulaumu," alisema.

"Sema tena."

"Sikulaumu. Sijawahi kukulaumu hata siku moja."

Mama Vifungo aliinama, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akaanza kulia kwa sauti kubwa, kilio cha miaka mingi, hajali nani yupo. Fundi alikaa sakafuni karibu na miguu yake. Sajini aliuvuta mlango taratibu, na kabla haujafunga alimwona mzee ameweka mkono juu ya goti la mkewe, na hakumwambia anyamaze.